Kuhesabu ncha za pembe au dume mmoja kwa mwaka?

Mwaka 2002 majimbo mawili ya Marekani yalichagua njia tofauti za kuwanusuru kulungu dume wachanga. Pennsylvania ilianza kuhesabu ncha za pembe: katika sehemu kubwa ya jimbo, wawindaji wengi hutakiwa kumwacha dume asiye na angalau ncha tatu upande mmoja. Indiana ikaweka kikomo cha dume mmoja kwa mwindaji.

Sheria ya ncha humlazimisha mtu atazame vizuri kabla ya kufyatua, na madume wengi wa mwaka mmoja na nusu huponea hapo. Lakini kasoro yake inanisumbua: dume mchanga aliyeota pembe nzuri mapema ndiye anayeuawa, mwenye pembe duni anabaki.

Kwa Indiana, mwindaji mwenyewe hupima kama kulungu aliye mbele yake anastahili nafasi hiyo ya pekee. Naipendelea hiyo.