Mkeka wa yoga unanuka mpira: ununue upi ukiwa Lamu

Mkeka wa mazoezi ulioagizwa Mombasa au Nairobi hufika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, ukiwa umefungwa plastiki, umechemka ndani ya buti la basi siku nzima, kisha huvushwa kwa boti. Ukiufungua, harufu yote iliyojikusanya hutoka kwa mpigo. Wangu wa kwanza niliufungulia ndani ya chumba cha kulala, hata shuka zikanuka tairi na kichwa kikaniuma usiku kucha. Tangu hapo, kabla ya kutazama rangi nauliza umetengenezwa kwa nini, maana ipo harufu inayokwenda zake na ipo inayohamia.

Ninaouweka mbele ni wa mpira asilia, unene wa milimita 4 au 5. Siku ya kwanza huu ndio unaonuka kuliko yote. Utomvu wa mpira hupikwa pamoja na salfa ili ukaze, njia aliyoigundua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839, na salfa hiyo imo katika ile harufu ya tairi. Lakini upepo huiondoa, na upepo tunao. Utandaze juu ya nyumba chini ya makuti, uugeuze kila siku. Wakati wa kaskazi wangu ulichukua siku kumi. Masika, hewa ikiwa nzito, ungoje zaidi. Usiuanike juani hata kidogo: jua hukausha mpira ukapasukapasuka. Kila baada ya siku mbili upanguse kwa maji baridi yenye tone la sabuni. Maji ya bahari hapana, chumvi yake huvuta unyevu. Mafuta ya kunukia nayo huuharibu mpira. Na tafadhali usiufukize udi. Utabaki na harufu mbili zinazogombana.

Nauvumilia kwa sababu ya kushika. Kwa jasho letu la pwani, mkeka unaoteleza ni hatari kwa kiwiko na goti. Mwenye mzio wa lateksi tu ndiye asiuguse.

Ukiwa na chumba kimoja na huna pa kuutandaza, nunua wa TPE, plastiki laini inayonyumbuka kama mpira. Ni mwepesi, harufu yake ni ndogo na huisha kwa siku chache. Huchakaa mapema, hasa pale visigino vinapokaa.

Wa tatu ni ule wa gome la mti, lile lile la vizibo vya chupa. Hushika vizuri ukilowa jasho, na juu haunuki. Ila ugeuze kabla ya kulipa: mingi imebandikwa mpira chini, na bei yake ni kubwa.

PVC, plastiki ile ya mabomba ya maji iliyolainishwa, naiweka mwisho. Ni rahisi na hudumu, lakini ile harufu ya pazia jipya la bafuni hutokana na kemikali za kulainisha plastiki, na kwenye joto hurudi tena na tena. Kama umeshaununua, changanya siki kipimo kimoja na maji vipimo vinne, upanguse, usuuze, uukaushe kivulini. Magadi ya kuokea yakinyunyizwa usiku na kupanguswa asubuhi husaidia kiasi.

Shangazi yangu huniuliza kwa nini nisitumie mkeka wa ukindu, unaonukia tangu siku ya kwanza. Kwa kukaa na kuvuta pumzi nautumia, na naupenda. Nikiegemea viganja, mkeka unateleza juu ya sakafu ya saruji, nami nakwenda nao.

Dukani, omba ukunjuliwe, uunuse kwa karibu, ubonyeze kwa kidole gumba uone kama unarudi. Muuzaji akikataa kuukunjua, ondoka. Ukiagiza, mwombe autoe kwenye plastiki na kuufunga kwa kitambaa kabla ya kuupakia, nawe ukifika nao uufungulie barazani. Wangu wa sasa ulikuja hivyo, nao ni wa mpira asilia. Siku ya nne niliulalia kifudifudi, pua juu yake, bila kuumwa kichwa.