KFJC 89.7: redio ya chuo inayonisindikiza zamu ya usiku

Huu ni mwaka wa tatu nahudumia wazee majumbani, zamu ya usiku, huku Sunnyvale, California. Redio ya gari langu iko 89.7 muda wote. Hiyo ni KFJC, redio ya Foothill College, chuo cha umma cha miaka miwili kule Los Altos Hills. FJC ni jina la zamani la chuo, Foothill Junior College, na K ni herufi wanayopewa vituo vya magharibi ya mto Mississippi. Imekuwa hewani tangu 1959, na wanaokaa kwenye maikrofoni ni wanafunzi pamoja na wakazi wanaojitolea.

Mtambo wake una wati 110 tu. Pasi ya umeme inakula nyingi kuliko hizo! Lakini antena iko juu ya Black Mountain, kwa hiyo sauti inateremka bondeni hadi San Jose. Nikipita nyuma ya vilima inafifia, hapo nahamia kwenye intaneti.

Matangazo ya biashara hakuna. Kwa sheria za Marekani, masafa ya 88 hadi 92 yametengwa kwa redio za elimu zisizo za biashara. Kwa hiyo hakuna anayemshika mtangazaji mkono kuhusu apige nini, na hilo utalisikia mapema sana. Mimi usiku wa kwanza nilikutana na mlio wa chuma kusugua chuma, dakika kama ishirini, nikazima. Usiku wa pili nikavumilia, na mtangazaji alipoeleza ile sauti imerekodiwaje, nilijikuta naisikiliza kwa sikio jingine. Ndiyo redio iliyowahi, mwaka 1983, kupiga wimbo mmoja, "Louie Louie", saa 63 mfululizo, kila mara kwa waimbaji tofauti. Mwezi Mei wanaujaza vipindi maalumu, na mimi huusubiri.

Kama unataka nyimbo unazozijua tayari, tafuta kwingine. Mimi nimekulia kwenye kadi za salamu, na nilichokuwa nimekikosa tangu nihame ni mtu: aliye macho saa hiyo hiyo, aliyechagua wimbo kwa mkono wake, anayekosea neno akarudia.

Usiku mmoja nilikuwa nimeegesha nje ya nyumba ya mgonjwa wangu, dakika kumi kabla ya kuingia. Ghafla ikaja taarab: udi, fidla, sauti ya mama wa makamo. Sikuweza kufungua mlango. Wimbo ulipoisha, binti aliyekuwa hewani akajitahidi kutaja jina la kikundi, likamshinda. Nikapiga simu studio, akapokea mwenyewe. Sikumlaumu, nilimshukuru tu, nikamwambia nimetoka pwani linakotoka jina hilo. Akaniomba nilitamke polepole. Nikalitamka mara tatu, naye akaniambia analiandika kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya jalada la santuri, ili na wenzake walione.

Aliporudi hewani alilisema upya, silabi kwa silabi, akaongeza kwamba msikilizaji amemfundisha. Santuri ile nimeisikia tena mara mbili tangu siku hiyo, kwa watangazaji wengine kabisa, na mara zote jina lilitoka sawasawa.