Nyota tatu kwa ofisi ya kuandikisha jeshi, Houston

Wadogo zangu wa hapa Houston wananiuliza kila wiki, "Dada, ile ofisi ya jeshi inafaa?" Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo naandika mara moja, mkasome.

Ofisi iko kwenye safu ya maduka, ubavuni mwa saluni ya kucha. Ukarimu upo: kahawa, maji, kiti kizuri. Sajenti aliyenipokea ni kijana mcheshi, anasikiliza, na jina langu alishaliweza kufikia siku ya pili. Hapo sina neno.

Neno ninalo kwenye habari ya digrii. Mimi mtoto wa Tanga, nimekuja kwa bahati nasibu ya Green Card na digrii yangu ya biashara mkononi. Kwenye Jeshi la Nchi Kavu la Marekani elimu ya chuo inahesabika kwenye cheo tangu siku ya kwanza. Ukiingia na sekondari tu unaanza E-1, kuruta wa chini kabisa. Krediti 24 za chuo, yaani vipimo vya masomo uliyomaliza, zinakupa E-2, 48 zinakupa E-3, na mwenye digrii kamili anaanza E-4, cheo wanachokiita Specialist. Aliyeanzia chini hukifikia baada ya kama miaka miwili, na mshahara unafuata ngazi hizo hizo.

Sasa sajenti aliniambia, "Lete cheti chako tu." Nikakileta kimefungwa kwenye plastiki kama kanga mpya, akakipiga picha, tukapeana mikono. Wiki mbili baadaye ndipo ananipigia: digrii ya nje haihesabiki mpaka kampuni ya kutathmini vyeti iseme inalingana na ya Marekani. Kitu cha kuniambia siku ya kwanza hicho!

Kampuni nayo ikataka transkripti, ile orodha ya masomo na matokeo yako, ndani ya bahasha iliyopigwa muhuri na chuo. Chuo chenyewe sikitaji. Mdogo wangu alizungushwa dirisha hili na lile, leo mhusika yuko kikaoni, kesho mtandao umekatika, wiki sita zikaisha. Wenye digrii za miaka mitatu kama yangu, pelekeni na cheti cha Kidato cha Sita. Mimi nilikiambatanisha, na tathmini ikarudi inasema digrii yangu ni sawa na ya kwao ya miaka minne. Wakenya wa 8-4-4, ambao digrii yao ni ya miaka minne, presha hii hawana.

Kabla tathmini haijarudi, sajenti akaniharakisha kwenda kupimwa. Hotelini tuliamshwa saa tisa usiku. Damu, macho, masikio, halafu mnachuchumaa mstari mzima na kutembea kama bata huku daktari anaangalia magoti. Mchana nikawekewa mkataba mezani. Nilisoma kila mstari kwa kidole, nikafika kwenye kisanduku cha cheo: E-1. Nikauliza. Nikajibiwa kitarekebishwa nikishafika mafunzoni. Labda kweli, lakini mtu aliyewahi kufuatilia bahasha kwa wiki sita haamini neno "kitarekebishwa". Nikaweka kalamu chini, sikula kiapo. Njiani kurudi sajenti alinyamaza kimya cha maili thelathini.

Kaka mmoja Mkongomani tuliyeamshwa naye aliapa siku ile ile. Alikuwa na krediti 60 za chuo cha miaka miwili cha hapa hapa mjini, transkripti yake ilitumwa kwa mtandao, akapewa E-3 bila swali. Akanicheka, "Ya kwako inatoka mbali sana, yaya," yaani dada kwa kwao. Mwezi uliofuata nikarudi na karatasi zangu, kisanduku kikasomeka E-4, nikaapa.

Halafu kuna uafisa, na hapa ndipo nyota zinapodondoka. Nyumbani ukisikia kijana mwenye digrii kapelekwa Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, unajua anarudi na nyota begani. Nilidhani na hapa ni hivyo. Sajenti akasema, "Jiunge kwanza, uafisa utafuata." Hakudanganya, ila aliruka ukurasa. Kozi ya maafisa, OCS, ni wiki 12 pale Fort Benning, Georgia. Inataka digrii, inataka alama ya GT, ile ya maneno na hesabu, isiyopungua 110 kwenye mtihani wa kuingilia jeshini, na inataka uwe raia. Green Card inakuruhusu kubeba bunduki ya Marekani, haikuruhusu kuwa luteni usu. Hata ROTC, mafunzo ya uafisa kwa wanafunzi wa vyuoni, hawakusainishi mkataba bila uraia. Haya nimeyajua kwa kuuliza mwenyewe, kikao cha nne. GT yangu nayo ilikuwa 104. Hesabu nilizimaliza, lakini maneno ya Kiingereza waliyouliza sikuwahi kuyasikia hata kwenye hotuba za harusi.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Njia ya uraia aliieleza vizuri: fomu N-426 ya kuthibitisha utumishi wako inasainiwa na jeshi, N-400 ya kuomba uraia unajaza mwenyewe, na mwanajeshi halipi ada. Alinikumbusha hata kubeba cheti cha kuzaliwa kwenda mafunzoni Fort Jackson, South Carolina. Kiapo cha uraia nilikula kabla mwaka haujaisha. Sasa niko stoo ya kikosi nahesabu mahema, nimerudia mtihani nikapata 113, na faili langu la OCS linasubiri barua ya mkuu wa kikosi.

Kwa hiyo nyota tatu. Ya nne ningempa kama habari ya uraia ingetajwa siku ile ya kwanza, kahawa yangu ikiwa bado ya moto.