Ndege ilifutwa, muhuri ukafichwa

Muhuri ulikuwa pale juu ya meza, kando ya kopo la kalamu, mpini wake wa mbao umechafuka wino wa buluu. Nilipomwambia yule kijana wa kampuni ya ndege, "Basi niandikie karatasi kwamba ndege ya leo imefutwa, upige na muhuri," aliutazama, akanitazama mimi, akauchukua, akautia ndani ya droo, akafunga kwa ufunguo. Ndipo akasema: "Mama, karatasi ya nini tena? Ndege haiko. Rudieni kwenu, tutawaita."

Hawakuita. Mpaka leo simu yao sijaiona.

Najua wapo watakaosema ningeondoka siku moja kabla. Niliondoka siku moja kabla! Miadi ya viza ya binti yangu ilikuwa Kinshasa kesho yake asubuhi, na sisi tulikuwa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, alfajiri, giza bado. Go-Pass, ile kodi ya uwanja, tumelipa, mizigo imepimwa, boksi la samaki wa Kasenga wa kumpelekea dada yangu limefungwa kamba mara mbili. Mtoto alikuwa amekumbatia bahasha ya diploma zake kama mtu aliyebeba kichanga. Nilimwambia atulie, Kinshasa wako nyuma yetu saa moja, tutashuka mapema na atalala kidogo kwa mama yake mdogo. Tuliketi. Saa tatu, kimya. Saa tano, kimya. Karibu saa saba kijana akapita katikati ya viti akisema, bila hata kusimama, kwamba safari imefutwa kwa sababu ya mvua.

Mvua gani? Majira yalikuwa yameanza, sikatai, lakini siku ile jua lilikuwa linachoma lami. Ndege ya kampuni nyingine iliondoka kwenda Kinshasa hiyohiyo, sisi tukiitazama kwa dirisha. Papa mmoja mzee akauliza, "Na ile mbona imeruka?" Hakujibiwa. Hatukupewa hata chupa ya maji. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliomba maji ya kumwogeshea tu uso, akaambiwa aende anunue.

Usiku mdogo wangu aliye Brussels akanipigia. "Yaya, dai yuro 600!" Niliruka kitandani kwa furaha. Nikawasha simu, nikasoma mpaka macho yakauma. Kweli ipo, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Ndege ikifutwa bila abiria kuambiwa wiki mbili kabla, fidia ni yuro 250, 400 au 600 kufuata umbali wa safari, na kampuni inasamehewa fidia hiyo ikithibitisha sababu isiyo ya kawaida ambayo haingeweza kuiepuka, au ikikupa ndege nyingine isiyokuchelewesha sana. Chakula, simu na mahali pa kulala wakati wa kungoja ni haki ya abiria hata sababu ikiwa ni dhoruba. Lakini ni kwa ndege zinazoondoka kwenye viwanja vya Umoja huo, au zinazokwenda huko kwa kampuni za huko. Mtu wa Brussels kwenda Kinshasa yumo. Mimi wa Luano kwenda N'djili, uwanja wa Kinshasa, simo. Nililia, siwafichi.

Upo pia Mkataba wa Montreal wa 1999, na nchi yetu imo. Huo unambebesha mchukuzi, yaani kampuni ya ndege, hasara ya kuchelewa mpaka aonyeshe kwamba alifanya yote yaliyofaa kuizuia, na unakupa miaka miwili ya kwenda mahakamani. Ila ni wa safari za nchi hadi nchi. Sikilizeni hapa, maana ni jambo ambalo ningependa nilijue mapema: kama biye, yaani tiketi, ni moja, Lubumbashi, Kinshasa, kisha ng'ambo, hata kipande cha kwanza cha ndani ya nchi kinahesabiwa ndani ya safari hiyo. Wenye kuunganisha safari, fikirini kabla ya kununua biye mbili mbili kwa kutafuta dola chache.

Sasa abiria wa ndani tu ana nini? Mpwa wangu anasoma sheria hapa Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Asubuhi alikuja na kitabu chake, akanionyesha kifungu cha 33 cha sheria yetu ya mikataba, ile ya tangu mwaka 1888: mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Biye ni mapatano. Asiyetimiza hulipa hasara, isipokuwa aonyeshe kwamba kizuizi kilitoka nje yake. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini muhuri ulifungiwa! Ukiandika karatasi lazima uandike na sababu. Ukiandika "mvua", papa mzee yule na watu wote waliokuwa Luano ni mashahidi wa jua. Ukiandika kwamba chombo kimeharibika, umekubali kuwa kizuizi kimetoka kwako mwenyewe. Kwa mdomo unaweza kusema lolote. Hasira yangu ya jana ilikuwa ya kuchoka na njaa. Ya asubuhi ile ilikuwa nyingine kabisa.

Ndege ya siku ya pili iliondoka mchana, miadi imeshapita. Na hapa lazima niseme kweli. Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Tulikutana na mawingu mazito kabla ya kushuka, rubani akatuteremsha taratibu, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Wahudumu wa ndani walikuwa na adabu. Tena kabla ya kupanda, mama mmoja wa kampuni, wa makamo, miwani yake imeshikwa kwa plasta upande mmoja, alinisikia nikiomba tena karatasi, akanivuta pembeni. Aligeuza kadi yangu ya kupandia ya jana akaandika nyuma kwa kalamu: safari ilifutwa, abiria wawili walikuwepo kwa wakati. Akatia sahihi. "Muhuri siwezi, mama yangu. Unisamehe." Nilimshika mikono yote miwili. Kwa ajili yake nilikuwa nimeamua kuipa kampuni nyota tatu katika maoni yangu haya.

Kisha tukafika mbele ya dirisha la viza. Yule bwana akaisoma kadi pande zote mbili, akauliza neno moja tu: muhuri? Mtoto wangu akanitazama. Umri wa miaka 19, amepita mitihani yake yote bila mtu kumsaidia, na kinachomzuia ni mpini wa mbao uliofungiwa ndani ya droo Lubumbashi. Tulipewa tarehe nyingine, wiki kadhaa mbele, na kulipa upya. Ilibidi abaki kwa dada yangu, mimi nikarudi peke yangu. Kwa hiyo hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya yule mama na rubani, wagawane. Kampuni sina cha kuipa.

Kama yakikukuta, usiondoke Luano mikono mitupu. Piga picha ubao wa safari, piga picha na mbingu. Kadi ya kupandia usiitupe. Chukueni namba za simu za wenzenu mliokaa nao, mimi na papa mzee bado tunapigiana na yuko tayari kusema alichoona.

Wiki iliyopita nilipeleka barua yangu ofisini kwao mjini, nakala mbili: sababu iandikwe, na gharama za miadi zirudishwe. Binti wa mapokezi alipokea moja, akataka kunirudishia nyingine hivihivi. Nikamwambia nitaketi. Niliketi mpaka saa ya kufunga, kiti changu mlangoni, mpaka mkubwa wake akatoka ndani na muhuri mkononi, akaugandamiza pembeni mwa nakala yangu bila kusema neno. Wino wa buluu uleule. Nakala hiyo ndiyo nitaipeleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga wasiponijibu.