Mwanakupona, herufi zote 11: sonara wetu wa Mji wa Kale

Ukitaka kujua majina gani ya kike yanapendwa Mombasa siku hizi, nenda kwa sonara umwombe trei ya majina yaliyo tayari. Sonara hatii dhahabu yake kwenye jina asilotegemea kuliuza. Utawakuta Fatma, Aisha, Maryam, Zainab, Khadija na Salma, kila mmoja kwenye kikadi chake, na pembeni yake majina ambayo ujanani mwetu hatukuyasikia: Inaya, Hayat, Aaliyah. Katika ukoo wa majina ya Mwana, ukibahatika utapata Mwanaisha. Mwanakupona hutalipata. Hilo lazima lifuliwe, na hapo ndipo unapomjua fundi ni nani.

Mjukuu wangu anaitwa Mwanakupona. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, akawekwa kwenye kisanduku cha joto hospitalini mpaka alipoweza kunyonya mwenyewe. Mkwe wangu, ambaye kwao ni Siyu, kisiwani Pate, alimchagulia jina hilo mtoto angali kwenye mipira. Akika ikasubiri mpaka walipotoka. Jina lilipotajwa mbele ya watu, wazee wa Lamu waliitikia mara moja. Vijana wakaulizana chini kwa chini kama lile ni jina au ni dua. Ni vyote viwili. Kwetu pwani mtoto huitwa kwa siku aliyokuja nayo au kwa yaliyompata. Ndivyo tulivyopata kina Mwanaidi, Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanamvua. Huyu wetu alikuja na maradhi akayashinda.

Na hapo Mwana si mtoto, maana nimeshaulizwa sana. Kwa watu wa Lamu na Pate, Mwana ni heshima ya mwanamke kama Bwana ilivyo heshima ya mwanamume. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Sisi wa Mombasa tunasimuliana habari za Mwana Mkisi, malkia wa mji huu wa kale. Ukimwita msichana Mwana fulani umemvisha cheo kabla hajatambaa.

Lakini jina hili lina mwenyewe, na bila yeye lisingefika hata kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka wa Siyu, yule mtawala aliyekataa kuinamia amri ya Seyyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mjane, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wosia ambao mpaka leo unasomwa na kufundishwa. Humo anasema mwenyewe kwamba maradhi yamemshika na mwaka umetimia. Inakadiriwa alifariki miaka michache baadaye. Mwenye jina la kupona alitunga akiwa kitandani, na hakupona. Wako wanaoulaumu utendi ule kwa jinsi unavyomtaka mke amtii mume, na hoja zao nazisikiliza kwa heshima. Mimi, kila ninapousoma, namwona mama anayejua hatamwona bintiye akizeeka, naye anakusanya kila alichojifunza duniani amwachie. Hakuna urithi wa dhahabu unaofikia huo.

Jina limeenea vitabuni, ila kwenye madaftari ya shule utalitafuta sana. Wengi wanaliona refu, wengine wanasema ni la kizamani. Inaniuma, kwa sababu halina hata sauti moja ngumu: kila silabi inaishia kwenye irabu na mtoto wa miaka miwili analitamka.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Nilitaka kidani cha arubaini chenye jina lote. Duka la kwanza nililoingia, ambalo silitaji, kijana alihesabu herufi kwa kidole hewani, akaniambia nichague "Mwana" au "Pona" kwa sababu jina refu halipendezi shingoni. Sikubishana naye. Jina alilopewa mtu mbele ya jamaa zake halipunguzwi na muuzaji. Nikatoka.

Ndugu yangu akanielekeza kwa sonara huyu ninayeandika habari zake leo, Mji wa Kale, kwenye uchochoro unaotokea Ndia Kuu. Duka ni dogo, watu watatu wakiingia limejaa. Fundi ni mtu mzima, anafanya kazi nyuma ya kioo, mteja unaona mikono yake. Nilipomwandikia jina kwenye karatasi alilisoma kwa sauti, taratibu, kisha akauliza: "Jina zima, mama?" Nikamwambia zima. "Basi tulichore kwanza tuone litakaaje."

Alilichora kwa ukubwa wake halisi na akanieleza shida iko wapi, jambo ambalo yule wa kwanza hakujisumbua nalo. Mkufu wa jina hukatwa kwenye bamba la dhahabu kwa msumeno mwembamba kama uzi, halafu hushikwa na mnyororo kwa ncha mbili, herufi ya kwanza na ya mwisho. Jina kama Salma hukaa imara. Herufi 11 zikining'inia kwa ncha mbili hupinda katikati, na zikivutwa na mtoto hukatika pale zilipoungana. Ili lisipinde unanenepesha bamba, na hapo dhahabu inakuwa nzito na bei inapanda. Au unatia kijiti nyuma, na kijiti kinaonekana. Juu ya hayo, k inatoa kichwa juu na p inashusha mkia chini, kwa hiyo kidani kinataka nafasi pande zote.

Nikamwambia basi liandikwe kwa herufi za Kiarabu, kama lilivyoandikwa enzi za mwenyewe. Wazo lilimpendeza, akaanza kulichambua. Wau haishikani na herufi inayoifuata, na alifu vivyo hivyo, kwa hiyo jina linavunjika vipande ambavyo vingetaka kuungwa kwa vidaraja vya dhahabu. Kisha kuna p. Kiarabu hakina herufi hiyo. Waandishi wetu wa zamani wengi waliandika be, na msomaji akajua mwenyewe pa kutamka p. Wengine wakatumia pe, ile yenye nukta tatu chini. Kwenye kidani cha kukatwa kila nukta ni kitone kinachoelea, lazima kiungwe na herufi yake, na nukta tatu zilizoungwa huishia kuonekana donge. Aliyasema haya huku akinionyesha kwenye mchoro, hana haraka, wateja wengine wamesimama.

Ufumbuzi ulitoka kwake: duara. Sahani ndogo ya dhahabu, upande mmoja jina limechorwa kwa herufi za Kiarabu pamoja na irabu zake ili u na o zisichanganywe na mgeni, upande wa pili herufi za kawaida zikizunguka ukingoni. Jina refu kwenye duara halipindi wala halikatiki. Linaijaza duara sawasawa, M inakaribia kukutana na a ya mwisho. Jina fupi pale lingepwaya. Nilifurahi mno kuona kwamba kile kilichoitwa kasoro kule duka la kwanza, hapa ndicho kilichokifanya kidani kipendeze.

Dhahabu niliyoleta ilikuwa bangili yangu iliyokatika. Aliisugua kwenye jiwe jeusi, akatia tone la tindikali, tukaangalia mstari kama unafifia. Haukufifia. Akaipima mizani ikinielekea mimi, akaandika gramu kwenye risiti kabla hajaigusa tena, na aliiyeyusha nikiwa nimekaa pale pale. Wanawake wenzangu mtaelewa uzito wa jambo hili. Tumezoea kuacha bangili dukani na kurudi kuchukua kitu kingine, moyo ukibaki unajiuliza ni dhahabu yako au ya mtu.

Kuhusu karati alinishauri 18, ambayo dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000, kwa sababu mchanganyiko wake ni mgumu na mchoro hudumu. Mimi nilishika 21, sehemu 875, kwa kuwa bangili ilikuwa 21 na kwetu mali ya binti huwekwa iweze kumfaa siku ya shida. Hakunilazimisha. Aliniambia tu kwamba mchoro utafifia mapema zaidi kikivaliwa kila siku, kwa hiyo kivaliwe sikukuu. Akaongeza jambo ambalo nyanya na mama wote walisikie: mtoto mchanga asilazwe na mnyororo shingoni. Kwa sasa kidani kimewekwa na mama yake.

Maandishi ya Kiarabu aliyaandika ndugu yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Fundi aliyanakili jinsi yalivyo, kisha akanipigia nije niyasome juu ya sahani yakiwa bado ya penseli, kabla hajashika kalamu ya chuma. Ilikuwa vizuri, maana nukta moja ya pe ilikaa karibu mno na ukingo, akaisogeza. Kazi ilipokamilika nilipitisha kucha juu ya herufi: mistari ina kina kimoja mwanzo hadi mwisho, na mkia wa nuni umezunguka bila kuteleza. Siyu, kwao mkwe wangu, ni mji uliosifika kwa kunakili Misahafu na kwa kazi za ngozi na mbao. Baba wa mkwe wangu alipokishika kidani alikiangalia muda mrefu dirishani, akasema mkono huu umefunzwa. Yeye si mtu wa kusifu ovyo.

Yasiyonipendeza nayo niyaseme. Kidani kilichelewa, arubaini ikapita tukiwa na mkono mtupu, na siku ile nilimpigia fundi simu mara nyingi bila kupokelewa. Kwa shughuli yenye tarehe yake, hilo ni jambo kubwa. Gharama ya ufundi haikuandikwa kwenye risiti mpaka nilipoomba. Gramu ziliandikwa, ujira wa kuchora ukabaki mdomoni. Ilipoandikwa, ilikuwa ile ile tuliyoafikiana, lakini mteja asingojee kuomba. Kishikizo cha mnyororo ni kigumu, mwenye kucha fupi atataka msaidizi. Na kiti ni kimoja tu, kwa hiyo mwenye kwenda na mama mzazi ajue hilo.

Bei siiandiki kwa sababu bei ya dhahabu hubadilika kila siku, na itakayosomwa leo kesho itamdanganya mtu. Ulizeni mambo mawili kando kando, gramu na ufundi, msikubali kutajiwa jumla moja. Ufundi wa kuchora kwa mkono ni ghali kuliko wa mashine. Kwa jina lisilopatikana kwenye trei ningelipa tena.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya tarehe na simu. Wenye kina Mwanatumu, Mwanamkasi, Mwanarusi na majina mengine yanayoambiwa ni marefu, mpelekeeni kama yalivyo. Andikeni jina nyumbani kwa mwandiko safi, na kama ni kwa herufi za Kiarabu lipitiwe kwanza na anayejua, kwani fundi atachora kile kile mtakachompa. Ongezeni wiki kadhaa juu ya muda atakaowaambia. Ijumaa adhuhuri duka hufungwa kwa sala, na kabla ya Idi foleni hufika nje, kwa hiyo asubuhi ya siku za kazi ndiyo nzuri zaidi.