Potenshomita ya sauti: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ingia duka la spea hapa Kampala uombe "volyumu ya 100K", yaani potenshomita (rezista ya kuzungusha nyuma ya kitasa cha sauti) ya kilo-ohm 100, muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake. Mara nyingi ni yenye herufi B. Utaifunga na amplifaya italia, lakini ukigusa kitasa kidogo tu spika zinakulipukia, halafu sehemu kubwa ya mzunguko iliyobaki haileti tofauti ya maana. Wateja huniletea amplifaya kama hizo wakisema zimeharibika. Nzima kabisa, herufi ndiyo mbovu.

Herufi inakuambia upinzani unavyopanda ukizungusha. B hupanda sawasawa: nusu ya mzunguko, nusu ya upinzani. A huenda taratibu. Katikati bado iko kwenye asilimia 10 hadi 20, kisha inakimbia. Sikio letu liko upande wa A, kwa kuwa ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu ya spika inabidi ikue karibu mara 10.

Kwa kitasa cha sauti, basi, namba moja ni A. Kama ni ya stereo, ijaribu kwa sauti ya chini kabisa: za bei rahisi huanza kulia upande mmoja kabla ya mwingine.

Namba mbili ni B iliyosaidiwa. Chukua B ya 100K, lehemu rezista ya 15K kutoka mguu wa kati hadi ule wa ardhi. Katikati ya mzunguko itatoa chini kidogo ya moja ya tano ya sauti iliyoingia, yaani inaigiza A vizuri tu. Mwenye kizindaalo (spika za matangazo za mtaani) mmoja nilimfanyia hivi, na majirani wakapumua. Ila chombo kinacholisha kiwe na nguvu: simu inaweza, gitaa lililochomekwa moja kwa moja haliwezi.

B tupu iwe ya mwisho, kwa dharura.

Usiidharau B lakini. Kwa balansi, kitasa cha kugawa sauti kushoto na kulia, ndiyo yenyewe, maana katikati lazima pawe katikati. Besi na trebo za amplifaya nyingi zenye IC (chipu) nazo hutaka B; zile za zamani zisizo na kikuza sauti ndani ya sakiti yake hutaka A. Fuata iliyotoka humo.

C, iliyo kinyume cha A, hutumika kwenye baadhi ya vitasa vya "gain" (kiwango cha kukuza sauti). Hapa mjini kuipata ni bahati. Ukikosa, funga A kwa kugeuza miguu ya pembeni, ukubali kwamba sauti itapanda ukizungusha kushoto.

Sasa, usiiamini herufi peke yake. Kwenye vyombo vya zamani kutoka Ulaya, A ilikuwa ndiyo ile inayopanda sawasawa. Nenda na mita yako ya kupima upinzani. Elekeza shafti kwako, miguu iangalie chini, zungusha hadi katikati, pima mguu wa kushoto na wa kati. Kwa 100K, ukisoma karibu 50K ni B. 10K hadi 20K ni A. 80K na zaidi ni C. Kisha zungusha polepole ukitazama namba: zikirukaruka, kuna vumbi ndani au imechakaa, mrudishie muuzaji. Nimeshazinunua "mpya" zenye alama za lehemu miguuni.