PPC ya England: uzoefu wangu wa kulipia dawa za mwaka mzima kwa hati moja

Nyota nne kati ya tano kwa PPC, hati ya kulipia dawa mapema ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza mbele, lakini kama unaishi England na una ugonjwa wa kudumu usiosamehewa malipo, usisubiri nimalize kuandika, nenda kanunue.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekuja Leicester kwa viza ya kumfuata mume. Nina pumu tangu utotoni na presha iliyonianza nilipovuka arobaini. Dawa zangu ni tatu: kidonge cha amlodipine kila asubuhi, pampu ya kahawia ya kuzuia pumu, na ile ya bluu ya kufungua kifua kikibana. Wenye pumu wenzangu rangi hizo mnazijua hata mkiamshwa usiku wa manane.

Kinachowachanganya wageni wengi ni ile ada ya afya inayolipwa pamoja na viza. Tangu 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Viza ya mwenza inayoombwa ukiwa nje ya nchi ni ya miezi 33, kwa hiyo unalipa pauni 3,105 kabla hujafunga hata begi. Ukishatoa pesa ya namna hiyo, ni haki yako kudhani kwamba ukifika utatibiwa na kupewa dawa bila kuulizwa pochi. Daktari, ndiyo. Vipimo, ndiyo. Ukilazwa wodini, dawa za humo hulipii. Ila daktari akikuandikia dawa za kwenda kutumia nyumbani, England unalipia dirishani, na aliyezaliwa hapahapa Leicester naye analipa kiasi kilekile. Hilo la mwisho lilinipoza kidogo, maana nilishaanza kuhisi ni mambo ya pasipoti.

Bei ni pauni 9.90, na haijaanza jana, ni tangu 1 Mei 2024. Swali la maana ni: 9.90 kwa kitu gani? Si kwa cheti cha daktari. Si kwa kidonge. Ni kwa kila aina ya dawa iliyoandikwa kwenye cheti. Cheti kimoja chenye dawa tatu ni pauni 29.70. Thamani ya dawa yenyewe haihusiki kabisa: dawa ambayo serikali inainunua kwa senti na dawa ya mamia ya pauni, wewe unatoa 9.90 ileile. Wingi nao hauhusiki. Daktari akiandika vidonge vya siku 28, ni 9.90, akiandika vya siku 56, ni 9.90.

Kwa sisi tuliozoea duka la dawa la mtaani hii inataka kugeuza kichwa. Nyumbani unamwambia muuzaji, "Kaka, nipe za siku tatu kwanza, nyingine mshahara ukitoka," naye anakata kwa mkasi, anakufungia kwenye bahasha ya kaki, mnaagana. Huku hakuna nusu dozi. Unachukua yote au unaacha yote, na nimewaona watu dirishani wakimuuliza mfamasia katika hizi tatu ipi wakiiacha haitawaletea shida. Wanaulizia kwa sauti ya chini, lakini foleni ni fupi na masikio tunayo.

Hesabu ya aina nayo ina vituko vyake. Kidonge kilekile kikiandikwa kwa nguvu mbili tofauti kwenye cheti kimoja, ni malipo moja. Dawa ileile ikiwa kidonge na krimu, ni malipo mawili. Soksi za kubana miguu kwa wenye matatizo ya mishipa, jozi moja ni malipo mawili, mguu wa kushoto na mguu wa kulia! Sijui aliyekaa ofisini akaamua hilo alikuwa na miguu mingapi.

Sasa PPC. Hii ni hati ya malipo ya awali ya NHS. Unalipia hati yenyewe, na kwa muda wote wa hati unachukua dawa zako zote za NHS bila kutoa tena senti dirishani, ziwe tatu au thelathini. Ya miezi mitatu ni pauni 32.05, ya miezi kumi na miwili ni pauni 114.50. Ya mwaka unaweza kuilipa kwa makato ya benki mara kumi, pauni 11.45 kila mara, na hiyo ndiyo njia niliyoichagua mimi.

Piga hesabu yangu. Dawa tatu kila mwezi kwa mwaka ni pauni 356.40. Kwa PPC ni 114.50. Tofauti ni pauni 241.90. Hata ukisema pampu ya bluu siichukui kila mwezi, maana ukiitumia sana ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa, bado hati inashinda kwa mbali. Mpaka wa faida ni rahisi kuukumbuka: ukifika dawa kumi na mbili kwa mwaka, hati ya mwaka imekurudishia pesa yako; kwa ile ya miezi mitatu, dawa nne zinatosha. Chini ya hapo, lipa tu dirishani. Mume wangu, mtu wa antibayotiki mara moja baada ya miaka, akinunua hati hii atakuwa ameisaidia hazina ya mfalme.

Kuinunua ni kazi ya muda wa chai kuiva. Mtandaoni, kwa simu, au kwenye baadhi ya famasi zilizosajiliwa kuiuza. Wanataka jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na barua pepe, kisha namba ya hati inakuja kwenye barua pepe. Unaweza kuamua ianze leo, au ianze hadi mwezi mmoja nyuma. Hiyo ya nyuma ina maana tu kama ulishalipia dawa na una risiti yake. Na hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo pesa zinapopotelea: risiti ya kawaida haisaidii. Unatakiwa uombe fomu iitwayo FP57, na uiombe palepale unapolipa, kwani baadaye hawaruhusiwi kukupa. Ukiwa nayo una miezi mitatu ya kudai urudishiwe. Kuna famasi moja mjini, jina nalihifadhi, ambapo binti wa dirishani aliniambia hajawahi kuisikia fomu hiyo. Nilisimama kando kwa adabu zote mpaka mfamasia mwenyewe akatoka nyuma, akafungua droo, akaitoa. Kwa hiyo usiondoke kwa sababu mtu mmoja amesema haipo.

Kabla hujanunua, lakini, hakikisha kwanza kwamba hustahili bure. Mwenyewe nililijua hili kwa shangazi yake mume wangu, ambaye ana kisukari na anameza vidonge. Nilimwamkia kwa simu, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, tukafika kwenye habari za dawa, akacheka. "Mimi? Silipi hata ya presha. Nenda kaulize GP wako, yule daktari wako wa kawaida, usikae na mdomo umeufunga."

Ni kweli. Mwenye kisukari anayetumia dawa (si yule anayejidhibiti kwa chakula pekee) anapewa hati ya msamaha inayodumu miaka mitano, na msamaha huo unafuta malipo ya dawa zake zote, hata zisizohusu kisukari. Vivyo hivyo mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, mwenye kifafa anayetumia dawa mfululizo, na anayetibiwa saratani. Fomu inaitwa FP92A na haipatikani mtandaoni, inatoka kwa GP, nao ndio wanaoisaini. Wajawazito wanasamehewa mpaka mtoto afikishe miezi kumi na miwili, ila mkunga au daktari lazima awaombee hati, tumbo pekee si ushahidi. Watoto chini ya miaka 16 bure, walio na miaka 16 hadi 18 bure kama wako shuleni muda wote, kuanzia miaka 60 bure. Dawa za uzazi wa mpango bure kwa wote. Mwenye kipato kidogo anajaza fomu ya HC1, akifaulu anapewa HC2, na hiyo inafuta malipo ya dawa. Akipewa HC3 badala yake asifurahi haraka, kwa sababu hiyo inapunguza gharama nyingine kama meno na miwani, dawa analipa kama kawaida.

Usije ukasaini kwamba umesamehewa wakati hujasamehewa. Wanakagua baadaye, na faini inaweza kufika pauni 100 juu ya bei ya dawa yenyewe.

Na hapa ndipo nilipoizuia nyota ya tano. Orodha ya magonjwa yaliyosamehewa iliandikwa mwaka 1968, na tangu hapo nyongeza kubwa ni saratani, mwaka 2009. Pumu haimo. Presha haimo. Malipo ya dawa yenyewe yalianza mwaka 1952 kwa shilingi moja, yakafutwa 1965, yakarudishwa 1968 pamoja na orodha hiyo ya kuwapoza wagonjwa. Mwaka huo pumu iliua watu kama inavyoua leo, sasa kwa nini tezi iwe ndani na mapafu yawe nje, sijaona maelezo yanayoniridhisha. Wakati huohuo Wales walifuta malipo kwa kila mtu mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini 2010, Scotland 2011. Dada mmoja wa Mombasa ninayezungumza naye anaishi Cardiff, huko Wales, ana pumu kama mimi, pampu zilezile za kahawia na bluu, na hajawahi kutoa hata peni moja kwa dawa. Tukiongea hupenda kunikumbusha.

Kasoro nyingine ndogo ni za makato ya benki. Ukianza kulipa kidogokidogo umejifunga kwa mwaka mzima, hata daktari akikuachisha dawa mwezi wa tatu. Na mwaka ukiisha hati inajihuisha yenyewe usipoisimamisha. Kwangu ni afadhali, kwa sababu pumu haina likizo, ila mwenye tatizo la muda anunue ya miezi mitatu.

Matumizi ya kila siku hayana ugumu. GP anatuma cheti kwa kompyuta moja kwa moja kwenye famasi niliyoichagua, mimi naomba dawa za mwezi unaofuata kwenye programu ya NHS ya simu, nikifika wanauliza kama ninalipa, nawasomea namba, natoka. Inafanya kazi kwenye famasi yoyote ya England, na kwa dawa anazoandika daktari wa meno wa NHS pia, ingawa kung'oa jino lenyewe ni bili nyingine. Cheti cha daktari binafsi hakihusiki. Ukienda famasi bila kupitia kwa GP, kwa mfano koo linauma, mfamasia anaweza kukupa matibabu mwenyewe kwa magonjwa saba tangu Januari 2024. Ushauri bure, dawa atakayotoa inahesabiwa kama kawaida, na hati inaifunika.

Vitu vidogo usivitafutie cheti kabisa. Paracetamol ya vidonge 16 dukani ni chini ya pauni moja, na dawa nyingi za mafua ya chavua ziko chini ya 9.90. Muulize mfamasia, "Hii ninaweza kuinunua bila cheti?" Watakwambia ukweli, hata kama ukweli huo unawapunguzia karatasi ya kudai malipo serikalini.

Hati yangu inakwisha Septemba. Tukiwa bado Leicester itajihuisha na nitaiacha ijihuishe. Mume akipata ile kazi ya Cardiff anayoisubiri, nitaisimamisha isijihuishe.